Maswali ya Wasomaji: Filamu za Nje na Namna ya Kuzitazama

Barua za safari hii zimetoka Busia hadi Arua, na karibu zote zinauliza juu ya filamu za nchi za mbali. Tumetoa maoni yetu waziwazi. Pale ambapo kasoro iko kwenye tivi, faili au spika tumesema hivyo, kwa sababu filamu nyingi zinazoitwa za kuchosha hazina kosa lolote: zimeonyeshwa vibaya.

Ndugu wahariri, nina Seven Samurai ya Wajapani. Mwanzoni manukuu ya Kiingereza yanaenda sawa na sauti, lakini kadiri filamu inavyoendelea yanabaki nyuma, hadi mtu ameshakufa ndipo maneno yake yanatokea. Tena ni ndefu mno. Niruke nianzie vita? Mfanyabiashara, Busia

Usiruke. Tuanze na manukuu. Yangekuwa yanachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, kazi ingekuwa nyepesi: kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, herufi G huyawahisha na H huyachelewesha, kila mbonyezo milisekunde 50, yaani mibonyezo 20 ni sekunde moja. Lakini kuchelewa kwako kunakua, na hiyo ni kasoro ya kasi. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde, ilhali nakala nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni za Ulaya huenda kwa fremu 25. Nakala ya namna hiyo huwahi kuisha: filamu hii ya dakika 207 inamalizika kwa dakika 199 hivi. Ukiiwekea manukuu ya nakala ya fremu 24, mwishoni utakuwa na pengo la karibu dakika 8. Ukibonyeza G hadi yakalingana dakika ya 10, kufikia dakika ya 40 yameshaachana tena.

Dawa yake ni programu ya bure inayoitwa Subtitle Edit. Fungua faili la manukuu (srt), nenda sehemu ya kubadilisha kasi ya fremu, weka 23.976 (ndiyo ile 24 inavyoandikwa kwenye faili) kama kasi ya zamani na 25 kama kasi mpya, kisha hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 ili herufi zenye alama zisigeuke takataka. Faili lipewe jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na likae kwenye folda moja nayo. Kabla ya kuwaita watu, ruka hadi mazungumzo ya mwisho kabisa ya filamu uhakikishe yanalingana. Wengi hupima mwanzo tu, na mwanzo haukuambii kitu.

Kuhusu urefu: Akira Kurosawa aliitoa mwaka 1954 ikiwa na mapumziko yake ndani, kabla saa ya pili haijaisha. Simamisha hapo, watu wanyooshe miguu. Nusu ya kwanza unayotaka kuitupa ndiyo inayofanya vita vieleweke. Ndani yake unaona wakulima wakitafuta wapiganaji wa kuwalipa kwa wali tu, unaona Kambei, kiongozi wa wapiganaji hao, akikikagua kijiji upande kwa upande, na unaelewa kwa nini nyumba 3 za ng'ambo ya mto lazima ziachwe ili kijiji kizima kipone. Majambazi ni 40. Kila anayekufa hutiwa alama kwenye karatasi, na mtazamaji anahesabu pamoja nao. Mtu aliyeanzia kwenye mvua na matope ataona panga zikirushwa tu. Sisi hatujui filamu ya vita inayomfundisha mtazamaji ramani ya uwanja vizuri kuliko hii.

Nina kibanda cha video. Wateja wamezoea VJ akitafsiri. Nikileta filamu nzuri za nje zisizo za Marekani wananuna. Je, VJ anaharibu filamu? Na zipi zinafaa? Mwenye kibanda, Bweyale

VJ haharibu filamu kwa kuwa VJ. Kutafsiri filamu kwa sauti inapoonyeshwa ni ufundi wetu wa Uganda, na mtu mwenye sauti nzuri anaweza kuufanya ukumbi mzima ucheke kwa pamoja. Kinachoharibu ni mambo mawili.

La kwanza ni mashine. Wengi hushusha sauti ya filamu mwanzoni na kuisahau huko chini kwa saa mbili, kwa hiyo nyayo, mlango unaofungwa, muziki, vyote vinapotea. Mwambie asishushe zaidi ya desibeli 10 hadi 12 anapoongea, na airudishe juu mara tu anapofunga mdomo. Spika zako ukizipandisha hadi sauti inakwaruza, tafsiri nzuri nayo itasikika kama kelele. Bora spika mbili mbele, zimeinuliwa juu ya vichwa vya waliokaa, kuliko moja kubwa iliyowekwa chini sakafuni.

La pili ni uchaguzi. City of God ya Brazili (2002, dakika 130) inampokea VJ vizuri, kwa sababu hadithi yenyewe inasimuliwa na kijana mmoja anayerukaruka mbele na nyuma; sauti ya VJ inakaa mahali pa msimulizi bila kugombana na picha. Tunaiona kuwa filamu kali na ya kweli juu ya mtaa ulioachwa na serikali yake. Ila watoto wanaua na wanauawa humo. Usiionyeshe mchana wakati wanafunzi wanachungulia kwenye nyufa za mbao.

A Separation ya Iran (2011, Asghar Farhadi) usimpe VJ kabisa. Kesi nzima inasimama juu ya swali moja: je, bwana huyu alijua kwamba mama aliyesukumwa naye mlangoni ni mjamzito, au hakujua? Je, alisikia maneno yaliyosemwa sebuleni, au hakuyasikia? Mwongozaji amelificha jibu mbele ya macho yetu, na kila mtazamaji anakuwa hakimu. VJ akitamka "huyu mwongo" dakika tano mapema, filamu imekwisha, hata kama imebaki saa nzima. Hii onyesha kwa manukuu, siku ya watu wachache, na ukumbi uwe kimya.

Watoto wangu wana miaka 6 na 9, nao bibi yao hasomi Kiingereza. Tutazame nini pamoja? Mama, Jinja

Mama, tafuteni filamu zisizo na maneno, au zenye machache sana. Flow ya Latvia (2024, dakika 85) ni ya paka na wanyama wenzake ndani ya mashua wakati mafuriko yanameza dunia. Hakuna mnyama anayeongea. Paka analia kama paka. Ilipata Oscar ya filamu za katuni mwaka 2025. Mtoto wa miaka 6 ataogopa kidogo maji yanapopanda, kwa hiyo akae karibu na bibi. Shaun the Sheep Movie ya Uingereza (2015) nayo ni dakika 85 bila mazungumzo, na vichekesho vyake havimdhalilishi mtu. Modern Times ya Charlie Chaplin (1936) itamfaa bibi hasa; mashine ya kumlisha mfanyakazi ili asipoteze muda wa chakula haihitaji mkalimani.

Children of Heaven ya Iran (1997) ina mazungumzo mepesi, na mkubwa wa miaka 9 anaweza kuwasomea wengine. Kaka na dada wanashirikiana jozi moja ya viatu: dada anasoma asubuhi, kaka mchana, wanabadilishana mbio kichochoroni. Watoto wa hapa hawatahitaji kuelezwa.

Onyo moja: Grave of the Fireflies ya Japani (1988) ni katuni, lakini ni hadithi ya watoto wawili wanaokufa kwa njaa wakati wa vita. Ni miongoni mwa filamu bora tunazozijua. Isiwekwe mbele ya mtoto wa miaka 6 kwa sababu tu imechorwa.

Parasite ni ya kutisha? Mchumba wangu hapendi mizimu. Kijana, Mbarara

Hakuna mzimu. Ni familia maskini ya Korea Kusini inayoingia kazini kwa matajiri, mmoja baada ya mwingine, kwa uongo. Saa ya kwanza mtacheka. Baada ya hapo kuna visu na damu. Angalieni ngazi: kila mara maskini wanashuka na matajiri wanapanda. Ni filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar kuu, na kwa maoni yetu ilistahili.

Nafundisha historia kidato cha tatu. Naweza kutumia The Last King of Scotland kufundishia enzi za Amin? Mwalimu, Hoima

Vipande, ndiyo. Yote, hapana. Mwalimu, shida si uigizaji: Forest Whitaker alipata Oscar kwa haki, na sehemu kubwa ilipigwa hapa hapa Uganda. Shida ni kwamba daktari Garrigan, ambaye tunaona kila kitu kwa macho yake, hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Kay, mke wa Amin, alikufa kweli mwaka 1974, lakini sababu inayotolewa na filamu inamhusisha daktari huyo wa kubuni, na mwanafunzi atabeba uzushi huo hadi chumba cha mtihani. Tena miaka mitano, tangu mapinduzi ya Januari 1971 hadi mateka wa Entebbe mwaka 1976, imebanwa hadi inaonekana kama miezi michache.

Fanya hivi. Chagua vipande viwili: hotuba ya Amin kijijini mwanzoni, na sehemu ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972. Kila kimoja kisizidi dakika 8. Kabla ya kuonyesha, wape wanafunzi karatasi yenye safu mbili, "lililotokea" na "lililobuniwa", wajaze kwa kulinganisha na kitabu cha somo. Mateso ya mwishoni uwanja wa ndege yaache. Hayaongezi maarifa yoyote na yatawakosesha usingizi.

Ukitaka filamu ya siasa inayostahimili kuchunguzwa darasani, The Battle of Algiers (1966) ni imara zaidi. Ilipigwa ndani ya Algiers, mji mkuu wa Algeria, miaka michache tu baada ya uhuru wa 1962, na Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji mjini humo, aliigiza ndani yake. Inaonyesha mateso ya askari wa Ufaransa na pia mabomu ya wanamapinduzi yakiua raia mkahawani, bila kumkinga yeyote. Nayo pia itazame peke yako kwanza.

Bicycle Thieves kwenye tivi yangu watu wote ni wanene na wafupi. Filamu mbovu? Msomaji, Fort Portal

Tivi imeivuta. Filamu hii ya Italia ya mwaka 1948 ina umbo la 4 kwa 3, na skrini yako ni 16 kwa 9. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3 au "Original". Mistari mipana myeusi pembeni ni ya kawaida, iache. Usichague "Zoom", kwa sababu itakata robo nzima ya picha, pamoja na vichwa na mara nyingi manukuu.

Ukishaipata sawa, mtazame mke akivua shuka za kitanda ziwekwe rehani ili baiskeli ikombolewe, kisha rundo la shuka za watu wengine likipandishwa rafuni. Mwongozaji Vittorio De Sica hakuongeza hata neno moja la kueleza umaskini wa Roma. Anayeendesha bodaboda ya mkopo ataielewa filamu hii kuliko mhakiki yeyote.

Kwa nini filamu za Afrika Magharibi ni za polepole hivyo? Nimeshindwa kumaliza Timbuktu. Msomaji, Arua

Kwanza kagua manukuu. Timbuktu ya Abderrahmane Sissako (2014, dakika 97) ina Kitamasheki, Kibambara, Kiarabu, Kifaransa na hata Kiingereza. Faili nyingi huwa na manukuu ya aina mbili: kamili, na yale yanayotafsiri sehemu chache tu. Ukichagua ya pili, nusu ya filamu inapita bila kueleweka, na hapo mtu yeyote atalala.

Kama manukuu ni kamili na bado unachoka, jaribu tena kuanzia pale vijana wanapocheza mpira bila mpira, kwa kuwa umepigwa marufuku. Wanakimbia, wanapiga pasi, mmoja anafunga penalti ya hewa. Upolepole huo una kazi: wapiganaji wa jihadi wanaotawala mji wana bunduki na haraka, wenyeji wana muda. Ikikushinda kabisa, nenda kwa Ousmane Sembène, La Noire de... (1966). Ni saa moja tu, na hasira yake haipozwi na kitu.

Betri yangu ni ya sola, 12V 50Ah. Itabeba Lagaan hadi mwisho? Mkulima, Kiryandongo

Kwa shida. Lagaan ya India (2001) ni dakika 224. Betri yako ina wati-saa 600, na ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300 za kutumia. Tivi ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi. Spika ya nje ongeza 20. Inveta hupoteza kama asilimia 15. Jumla ni karibu wati 82, na kwa saa 3 na dakika 44 unafika 307. Umezidi kidogo, na umeme utakatika katikati ya mechi ya kriketi, ambayo ndiyo moyo wa filamu: wanakijiji dhidi ya maofisa wa Kiingereza, siku tatu za mchezo, wakishindwa kodi inakuwa mara tatu.

Acha spika ya nje, tumia ya tivi, na ushushe mwangaza wa skrini. Utabaki kwenye wati-saa 220 hivi. Au gawa filamu jioni mbili, ukatie kwenye mapumziko yake yenyewe. Sheria za kriketi zisikutishe. Wanakijiji wenyewe wanaanza bila kuzijua, na unajifunza pamoja nao. Anza na betri iliyojaa, na taa za nyumba uziweke kwenye laini nyingine.