Dakika tatu za hofu: maswali yenu ya Desemba

Wiki mbili zilizopita niliandika sentensi moja tu, mwishoni kabisa: kwamba likizo hii nimepanga kutazama filamu fupi za kutisha na wapwa zangu, moja kila usiku. Nilidhani mtaipita kimya. Kumbe mmeniletea maswali mengi kuliko niliyopata nilipoandika habari za pilau, mengine ya kutaka kujua, mengine ya kunikemea. Nimechagua manane.

Krismasi ni siku ya ibada na furaha. Mtu mwenye akili zake anakaaje kutazama mauzauza siku hiyo? (Mama, Kibosho)

Shikamoo mama. Kesi hii ingeanza na Waingereza, maana wao ndio waliokaribisha mizuka kwenye sikukuu. Kwao Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, nje hakukaliki kwa baridi, watu wamejikunyata kuzunguka moto na kazi iliyobaki ni kusimuliana. Charles Dickens alitoa hadithi yake ya bahili anayetembelewa na mizuka usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1843. Baadaye M. R. James, msomi wa King's College pale Cambridge, akawa na desturi ya kuwasomea rafiki zake hadithi ya mzuka wakati wa Krismasi. Televisheni ikairithi: kuanzia 1971 hadi 1978, kila Krismasi BBC ilirusha filamu fupi ya mzuka. Ninayoipenda ni ya 1976, The Signalman, iliyotokana na hadithi ya Dickens: mtu wa ishara za reli, peke yake karibu na mdomo wa handaki, anamwona mwingine akipunga mkono kila ajali inapokaribia. Haifiki dakika 40, na inakutisha bila kukuchinjia mtu mbele ya macho.

Lakini mama, tuseme ukweli, sisi tulihitaji kufundishwa na Waingereza? Desemba ndiyo huo mwezi ambao nyumba ya Kibosho inajaa, waliotoka Dar na Arusha wamefika, watoto wanalala sakafuni kama samaki wa kuanikwa. Ni wakati gani mwingine zimwi lilipata wasikilizaji wengi namna hiyo? Bibi yangu mimi hakutoa hadithi mchana hata umpe nini. "Paukwa" haikumtoka kabla taa haijawashwa. Alisimulia kwa muda mfupi, sauti ikishuka kidogo kidogo hadi tukawa tunamsogelea wenyewe, akafika pale zimwi linapobisha hodi, akanyamaza. Kisha: "Haya, kalaleni." Filamu fupi ya kutisha ni huyo bibi. Hofu moja, nyumba moja, na mwisho usiojibu kitu.

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi? Isizidi dakika kumi, usingizi wangu uko karibu. (Mwalimu, Dodoma)

Anza na Lights Out ya Mswidi David F. Sandberg, ya 2013. Haifiki dakika tatu. Aliitengeneza nyumbani kwao akimwigizisha mkewe, Lotta Losten, kwa ajili ya shindano la mtandaoni. Mwanamke anakwenda kulala, anazima taa, na kule mwisho wa kolido anaona umbo la mtu limesimama. Anawasha: hakuna mtu. Anazima: lipo. Anawasha, anazima. Mengine utayaona mwenyewe. Hakuna neno linalosemwa, kwa hiyo hata babu asiyejua Kiingereza anatetemeka sawa na wewe.

Mwaka 2016 ikatoka filamu ndefu kutokana na hiyo fupi, Sandberg mwenyewe akiiongoza. Wengi wanaipenda. Kwangu mimi ni chai iliyoongezwa maji. Ile fupi haielezi chochote, na ndefu inataka tujue umbo lile lilitoka wapi na lilipatwa na nini. Ukishajua historia ya zimwi unaanza kulionea huruma, na huruma na hofu hazikai kiti kimoja.

Ukiizoea, nenda kwenye Mamá ya Andy Muschietti, ya 2008, kwa Kihispania, dakika tatu hivi. Mtoto wa kike anamwamsha ndugu yake kumwambia kwamba mama amerudi, na badala ya kufurahi wanatafuta njia ya kutoroka. Basi. Mwongozaji Guillermo del Toro alipoiona aliikubali kiasi cha kuwa mzalishaji wa filamu ndefu iliyotokana nayo, ya 2013. Kisha Curve ya Tim Egan wa Australia, ya 2016, dakika kumi: mwanamke anazinduka juu ya zege lililopinda, na chini yake ni shimo jeusi. Hakuna jini, hakuna mchawi. Kuna kiganja kinachoteleza. Niliitazama nimeshika kiti kwa mikono miwili, na nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu.

Onyo kwa wenzangu wa Tanzania: kabla ya Lights Out, angalia uniti zako za umeme wa LUKU. Sitaeleza zaidi.

Bando langu ni la wiki. Nikishusha ubora wa picha si nitatazama nyingi zaidi? (Mwanafunzi, Mbeya)

Utatazama nyingi na hutaona kitu. Filamu hizi zinaishi gizani. Ukishusha ubora wa picha hadi 144p, giza linageuka kuwa vigae vya kijivu vinavyochezacheza, na yule aliyesimama kwenye kona anamezwa humo humo. Mpwa wangu alitazama moja namna hiyo, akageuka kuniuliza, "Sasa huyu anapiga kelele kwa nini?" Heri mbili zinazoonekana kuliko sita za ukungu. Au pakua ukiwa mahali penye Wi-Fi ya bure, utazame nyumbani.

Jambo kubwa zaidi ni sauti. Chukua tukio lolote lililokutisha, ulitazame tena bila sauti: utamwona mtu anafungua kabati. Kinachokubana kifua ni mlio wa sakafu, pumzi iliyo karibu mno na kipaza sauti, na zaidi ya vyote ule ukimya kabla ya kishindo. Spika ndogo ya simu haiwezi mambo hayo. Vaa hedifoni, hata za bei rahisi, zima taa ya chumba, ongeza mwangaza wa simu. Na usitazame mchana ukiwa umekaa karibu na dirisha. Kioo kitakuonyesha uso wako mwenyewe, na huo umeshauzoea.

Binti yangu ana miaka 8. Binamu zake wakubwa wanatazama, naye hataki kuachwa. Nimruhusu? (Baba, Nairobi)

Kenya mna bodi inayopanga filamu kwa umri, yenye alama zake za 16 na 18. Lakini hizi fupi za mtandaoni nyingi hazina alama yoyote, kwa hiyo bodi ni wewe, baba. Habari njema ni kwamba kazi yako ni ya dakika tatu. Itazame kwanza peke yako. Hakuna kisingizio cha "sikujua kama kuna hilo".

Mimi nina kanuni moja: mtoto asitazame filamu ambayo anayewindwa ni mtoto. Mamá, kwa mfano, haimfai hata kidogo. Mtafutie yenye katuni au kichekesho ndani yake, taa ziwake, sauti iwe chini, na simu ashike yeye, awe na mamlaka ya kuisimamisha. Hilo la mwisho linasaidia kuliko yote. Ikiisha, mpe shuka aigize yeye zimwi. Wa kwetu wa miaka saba alizunguka nyumba nzima na kanga ya mama yake kichwani, akamtisha mjomba wake mtu mzima hadi akamwaga chai.

Usije tu ukamwambia, "Usipomaliza ugali, yule wa kwenye filamu atakuja." Kwa wiki nzima utalala naye, miguu yake mbavuni mwako.

Mume wangu anasema kutazama mambo hayo ni kukaribisha majini nyumbani. (Dada, Mombasa)

Dada yangu, siingii kati ya mtu na mumewe kwa ajili ya dakika tatu. Ninachoweza kusema ni kwamba unayemwona pale ni mtu aliyepakwa rangi usoni, na baada ya kupigwa picha alinawa akaenda kula. Kama kwa mume wako ni jambo la imani, liheshimu. Na kama wewe mwenyewe ukitazama unakosa usingizi na utulivu, basi yuko sahihi, hata bila majini.

Mbona unatutajia za Wazungu tu? Sisi hatuna? (Kijana, Tanga)

Haki yako kuuliza. Tunazo za kutisha, ila tulizozizoea ni ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitutisha na Nsyuka, na waliokuwa watoto wakati huo bado wanaikumbuka. Kabla ya hapo, na hata baadaye, tulikuwa na vibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, filamu za nje zikitafsiriwa na wasimulizi kama marehemu Lufufu. Nilimpenda Lufufu, lakini tukubali: filamu ya kutisha ikisimuliwa inageuka kichekesho. Msimulizi hawezi kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakotisha.

Hadithi yetu iliyotisha kuliko zote haikuhitaji kamera. Mwaka 1995 habari za Popobawa, zimwi lililosemekana kuwavamia watu usiku, zilianzia Pemba zikafika Unguja, na watu wakatoka majumbani mwao usiku wakalala nje pamoja, moto ukiwaka katikati. Kila aliyesimulia aliongeza lake. Huwa najiuliza kwa nini hakuna aliyezichukua dakika tano tu za usiku ule. Uani, watu wamejilaza kwenye mikeka. Mzee mmoja anahesabu vichwa kabla ya kulala: kumi na wanne. Anahesabu tena kuhakikisha. Kumi na watano. Anaamua kutowaamsha.

Nimekupa bure. Kaitengeneze.

Nina simu na rafiki watatu. Tunaweza kutengeneza yetu likizo hii? (Kundi la vijana, Kigoma)

Rafiki watatu ni wengi, Sandberg alikuwa na mke tu. Tafuteni wazo linalotosha sentensi moja. Likihitaji mbili, hilo ni la filamu ndefu. Mahali pamoja, usiku mmoja, taa moja. Dakika tatu, nanyi mtaona dakika tatu zilivyo ndefu.

Acheni nafasi tupu nyuma ya mwigizaji: mlango ulio wazi, dirisha, pazia. Msiweke kitu pale. Mtazamaji atakodoa macho kwenye ule uwazi na kujitisha mwenyewe, kazi ambayo ingewagharimu rangi na vinyago. Zimwi lenyewe likionekana, lisizidi sekunde mbili, na lisitoke pale alipotegemea.

Sauti irekodini peke yake, baadaye, chumbani, mkiwa mmetundika blanketi ukutani kuzuia mwangwi. Mfupa unaovunjika ni kipande cha muwa kilichofungwa kwenye kitambaa kibichi. Nyayo kwenye majani ni mfuko wa nailoni uliojaa makapi ya mahindi. Muziki wa kuazima bila ruhusa uacheni, utawaletea kesi, na ukimya ni bure. Mkimaliza, msiishie kuituma kwenye makundi ya simu tu. Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar limekuwepo tangu 1998, na filamu fupi zina nafasi yake pale.

Sikukuu zikiisha nifanyeje? Januari ni ada, kazi na foleni. (Fundi cherehani, Dar es Salaam)

Ndiyo maana nikasema fupi. Filamu ndefu inataka saa mbili na makubaliano ya nyumba nzima. Hii inaingia kati ya kupalia makaa na kupakua wali. Mimi huwa na moja kila Jumanne usiku. Nilijaribu Alhamisi, mama mkwe akanikumbusha kwamba huo ni usiku wa Ijumaa, nikahama bila ubishi. Oktoba ndiyo mavuno: kwa kuwa Wamarekani wana Halloween yao tarehe 31, zinatoka nyingi mno, wewe pakua uweke akiba ya mwaka.

Watu watakushauri ungoje masika, eti mvua inanogesha. Wanaosema hivyo wana dari. Kwenye nyumba ya bati mvua inameza kila mnong'ono, na filamu nzuri ni minong'ono mitupu. Aprili iliyopita nilikaidi ushauri wangu mwenyewe, nikafunga milango, nikavaa hedifoni, nikaongeza sauti hadi mwisho. Katikati nikasikia hodi: mara tatu, taratibu, kwa mbali. Nikamsifu moyoni aliyetengeneza sauti ile. Ikarudi tena. Nikazidi kumsifu. Alikuwa jirani, amelowa chapachapa, ameshika sufuria letu alilokuja kulirudisha, na alikuwa amesimama nje kwa robo saa.