Re: Uganda imeikimbia Kenya, imehamia kwetu?

Habari mkuu, umeuliza kama Uganda na Kenya ndo basi tena, maana unataka kuhamishia mzigo wako wote wa Kampala kwenye meli za huku Mwanza. Usihamishe wote aisee. Cheki mafuta kwanza, hapo ndo palipowaka: 2023 Uganda ikasema haitaki tena kununua kupitia makampuni ya Kenya, Kenya ikaibania leseni ya kuingiza mafuta yenyewe, wakafikishana mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, ila 2024 wakayamaliza na mafuta yakaendelea kushushwa hapohapo Mombasa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, ndo tulilichukua kweli, 2016 walichagua Tanga wakaiacha Lamu ya Kenya, kilomita 1,443, hilo halirudi. Mimi napeleka mchele Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, nimesimama sana pale Mwanza Kusini nikiangalia mabehewa yanavyosukumwa taratibu mpaka ndani ya MV Umoja, reli imelazwa kwenye sakafu ya meli kabisa, njia nzuri naipenda, lakini wateja wangu wa Kampala ukiwauliza kontena lako limepitia wapi wengi bado wanakujibu Mombasa. Anza na robo ya mzigo, huyo ajenti wako wa Mombasa usimkate.