Dereva mwenye hasira akikushukia barabarani Texas, shika nini?

Wabongo na ndugu zetu Wakenya tunaoendesha Uber na malori huku Texas, hii mada tuiongee vizuri jamani, maana kwenye magrupu ya WhatsApp kila mara kuna mtu anauliza anunue nini cha kujilinda barabarani na wengi wanamjibu bastola. Mimi nasema usianzie huko, anzia na gari lenyewe, halafu sprei ya pilipili. Toka Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu hapa Texas, kama sheria haijamkataza kumiliki silaha, anabeba bastola bila kibali, kwa hiyo yule anayekupigia honi na kukutukana pale barabara kuu ya I-35 we chukulia tu naye anayo. Ukitoa yako, mmoja wenu anakufa kwa ajili ya leni.

Kinachokuokoa kwanza ni gari lenyewe. Kwenye taa usimgande wa mbele, simama pale unapoona matairi yake ya nyuma yanagusa lami, hapo una nafasi ya kukata kona ukatoka. Kuna jamaa alinifuata mpaka kwenye taa, akashuka akaacha mlango wa pikapu wazi, akaja anapiga kioo changu kwa kiganja mpaka mate yanarukia kioo. Sikushusha kioo, sikumwangalia usoni, milango nimeloki, gia iko D, nikakata kulia nikapitia sheli nikaondoka huku 911, namba ya dharura, wako kwenye spika. Nyumbani sikwenda, nilienda moja kwa moja kituo cha polisi, maana mtu kama huyo hutaki ajue unapolala. Sprei ilikuwa pale pale mlangoni mkono wa kushoto na sikuigusa.

Sasa sprei yenyewe. Nunua ya pilipili aina ya jeli, sio ile inayotoka kama moshi. Ile ya moshi ukiipuliza dirishani upepo unairudisha ndani, na ndani ya gari ukishavuta pilipili unakohoa, macho hayafunguki, na bado uko kwenye usukani! Jeli inaenda kama uzi na inanata usoni, ila nayo usiipulizie ndani ya gari. Ni ya pale gari limezibwa huwezi kutoka, au umeshashuka na mtu anakuja kukupiga. Nunua pia kopo la mazoezi lenye maji tu, uende nje ukafundishe kidole gumba kuingia chini ya kile kifuniko cha usalama bila kuangalia, kwa sababu mkono ukitetemeka kifuniko hakifunguki.

Usiiache kwenye dashibodi. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 120 za Farenhaiti, na gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dallas mwezi wa nane linapita hapo, kopo linavuja au kupasuka. Shuka nayo. Na angalia tarehe ya kuisha, presha inapungua.

Stangani, kile kifaa cha kupiga mtu shoti ya umeme, mimi siipendi kwa dereva, lazima umguse mtu, yaani umemruhusu afike.

Kitu ambacho watu wetu hawakifikirii ni makaratasi. Ukimpulizia mtu aliyekaa kwenye gari lake anakutukana tu, aliyeshambulia ni wewe, na kesi ya kushambulia kwa mwenye grinkadi au anayesubiri kesi ya ukimbizi inaweza kukuharibia kila kitu. Matusi yapite. Ukilazimika kuitumia, sogea mbali, piga 911 wewe wa kwanza, useme uko wapi na umetumia nini, na usifute video ya dashkamu.

Kwa wa malori: California kopo lisizidi aunsi 2.5, New York inauzwa famasi au kwa muuza bunduki mwenye leseni na uwe na miaka 18. Kanada ni silaha iliyopigwa marufuku kabisa, kwa hiyo kama una mzigo wa kuvuka pale Detroit, kopo libaki Marekani.