Fulu fremu au midiamu fomati: tazama kazi yako na lenzi kwanza

Kama kazi yako ni Bunge, harusi na sendofu hapa Dodoma, nunua kamera ya fulu fremu. Midiamu fomati, yenye sensa (kipande kinachonasa picha) kubwa zaidi, ni kamera nzuri sana, ila bei yake huwa inamaliza bajeti kwenye bodi na lenzi moja, na kazi hizo zinadai lenzi kadhaa na kasi.

Sensa ya fulu fremu ni mm 36 × 24. Ya Fujifilm GFX au Hasselblad X ni karibu mm 44 × 33, eneo kubwa mara 1.7. Lakini Sony A7R IV ya megapikseli 61 na GFX100S ya megapikseli 102 zina pikseli za upana uleule, mikroni 3.76. Kwa hiyo GFX haina pikseli kubwa zaidi, ina nyingi zaidi. Wingi huo unaonekana kwenye karatasi kubwa: kuchapa A2 kwa nukta 300 kwa inchi kunataka megapikseli 35 hivi, A1 kunataka 70. Picha inayoishia WhatsApp na kwenye albamu haigusi huko. Faili ghafi (RAW) ya GFX100S ya biti 16 isiyobanwa, nayo, ni kama MB 200.

Midiamu fomati inapostahili ni kazi kama michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Nyekundu imefifia, mistari ni myembamba, na mtafiti atataka kukuza kona ndogo mpaka aone mstari unapoishia na ufa wa jiwe unapoanzia. Weka tripodi, ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi; namba ndogo ni uwazi mkubwa), kamera ikabili mwamba sawasawa, taima ya sekunde 2. Hapo megapikseli 102 zinafanya kazi yake.

Kwenye lenzi, zidisha milimita na f za lenzi ya GF (lenzi za GFX) kwa 0.79 ndipo ulinganishe. GF 110mm f/2 inakuwa sawa na 87mm f/1.6 ya fulu fremu. Maana yake 85mm f/1.4 ya kawaida inafifisha mandharinyuma zaidi, na wengi wananunua midiamu fomati wakitafuta ufifio huohuo! Bungeni hali ni ngumu zaidi: GF 100–200mm inaanzia f/5.6, wakati 70–200mm ya fulu fremu ina f/2.8. Ni stopu mbili, na kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu. Palipotosha ISO 1600, utapanda hadi 6400.

Jua letu la saa sita nalo lina hesabu yake. Kwa ISO 100 na f/2, shata inataka takriban sekunde 1/6400. Ukitumia flashi, shata ya GFX inapatana nayo mwisho 1/125, hivyo unahitaji kichujio cha ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) cha stopu 6. Fulu fremu ya 1/200 inatosheka na stopu 5. Lenzi za Hasselblad X zina shata ndani yake na zinapatana na flashi hadi 1/2000 au zaidi, kwa hiyo kwa picha za watu nje na flashi, Hasselblad wanashinda wote.

Kiangazi, vumbi jekundu halichagui mfumo. Piga anga kwa f/16 ukiwa umetoa fokasi. Madoa meusi ni vumbi la sensa. Geuza mdomo wa kamera chini, pulizia kwa pampu ya mpira, kamwe si kompresa ya gereji, inatema mafuta na maji. Likigoma, tumia swabu: ya mm 24 inafagia fulu fremu kwa mpito mmoja, lakini kwenye GFX inaacha ukingo, kwa hiyo agiza ya upana wa sensa yako kabla msimu haujaanza.