Mkuu usifunge hicho kizimba cha samaki kabla hujapima kina cha maji chini yake

Mkuu uliyeuliza bei ya vizimba vya wavu vya kufugia samaki Ziwa Nyasa, huko Kyela, ukaweka na picha ukasema eneo lina baraka maana kizimba cha jirani kimezungukwa na samaki pori kibao: nakuomba msimamishe fundi leo hii. Hiyo picha imenishtua, kwangu ilianza hivyohivyo.

Mi niliweka upande wa Matema, kwenye kona iliyojificha upepo, maji yametulia, mita nne tu mpaka chini na wavu wenyewe una mita tatu. Jamaa aliyeniuzia alinihakikishia sehemu tulivu ndo salama, wavu hautachanika. Hakushusha hata kamba yenye jiwe! Alipokea hela akapanda zake gari, na hasira sijamaliza mpaka leo.

Miezi ya mwanzo raha tupu, visamaki vya rangi vya kwenye mawe, usipa, mpaka fisi maji, wote hapo, nikaona ziwa limenikubali. Kumbe hao samaki wanakula chakula changu kinachopenya wavuni, na wasichomaliza kinarundikana chini pamoja na kinyesi, mkondo wa kukibeba hakuna, kinaoza na kuoza kwenyewe kunamaliza oksijeni. Siku moja visamaki vya mawe vyote vimehama. Nikashusha ndoo, ikapanda na tope jeusi tii linanuka yai viza, sikuelewa nikaendelea kulisha. Siku ya tatu alfajiri perege wangu wamejaa juu midomo wazi wanatweta, saa mbili asubuhi matumbo juu. Kizimba kizima mkuu.

Na sio Nyasa tu. Kule Mediterania samaki pori wanajazana kwenye vizimba vya baharini vilevile, huku chini majani ya bahari yanayoitwa posidonia yanakufa kwa uchafu. Kwa hiyo usihesabu wageni wa juu, angalia chini.

Pima kina. Chini ya wavu pabaki maji angalau sawa na urefu wa wavu wenyewe kwenda chini, na mkondo uuone kwa macho, tupa gunzi la mahindi, likikaa palepale hama. Pale milima ya Livingstone inapoingia ziwani maji ni marefu hatua chache tu kutoka ufukweni. Halafu ukiletewa vifaranga vya sato kataa, sio samaki wa Nyasa, wakitoroka wanazaliana na perege wetu wa asili.

Bei watakwambia wengine. We nijibu hapa, umepima mita ngapi?