Tiketi kwanza, lenzi baadaye

"Kaka, nimejibana mwaka mzima. Hela ya lenzi mpya ya 70-200 ninayo, ile ya f/2.8. Likizo naondoka mwezi wa nane, nauli na malazi nitaungaunga tu. Unanishauri vipi?"

Ujumbe huu uliniingia wiki iliyopita. (70-200 ni milimita, yaani lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali; f/2.8 ni upana wa tundu la mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa.) Sikuujibu siku hiyohiyo, maana kijana huyu anaongea kama wengi wetu tunaopenda picha: lenzi imetengewa fungu lake nono, safari imeachiwa makombo. Jibu fupi nilimpa: usinunue. Refu ndilo hili, na halimhusu yeye peke yake. Hakuna anayenisoma hapa ambaye hajawahi kukesha akilinganisha lenzi mbili ambazo hana shida na hata moja.

Nimetoka safari hivi karibuni, na picha moja ya safari hiyo imenunuliwa kwa ajili ya kalenda. Nalisema wazi na sioni haya. Imepigwa kwa kamera ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, na lenzi niliyoinunua mkononi kwa mzee mmoja mstaafu.

Siku tuliyofika, ndani ya basi dogo la kututoa uwanja wa ndege, bwana mmoja mwenye begi la vifaa vya kutisha aliitazama kamera yangu, akaitazama tena, akauliza kwa sauti, "Hiyo bado inafanya kazi?" Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini kiliniuma, na nikikikumbuka kicheko kile bado kinaniuma.

Haya, asubuhi iliyofuata. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimeshasimama ziwani, maji yananifika magotini, ukungu unanyanyuka taratibu na watu wawili wanasukuma mtumbwi kuuingiza majini. Mmoja alikuwa ameuma kamba kwa meno ili mikono yote miwili ishike mtumbwi. Ndiyo picha yenyewe ya kalenda: kamba, meno, ukungu. Nilifika pale kwa miguu, maana nyumba niliyolala ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, chumba cha kawaida kabisa, bafu la kuchangia. Bwana yule wa basi alikuwa hoteli ya mbali, kwa sababu vifaa vilishameza bajeti na kule ndiko alikopata nafuu, na gari la kikundi chake lilikuwa linaondoka saa tatu, watu wakishapata kifungua kinywa. Saa tatu pale mwanga umeshakuwa mweupe na mkali, uso wa mtu una vivuli vyeusi chini ya macho. Lenzi ya gharama kiasi gani itauondoa?

Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, hivyo ule mwanga laini wa asubuhi haumalizi hata saa nzima. Ukienda mbali sana kaskazini au kusini, majira ya joto, jua hupanda kwa mshazari na mwanga huo hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo unapopanga safari ya picha, swali la kwanza ni hili: nitakuwa wapi jua linapochomoza, na nitafikaje? Ukishalijibu, unajua ulale wapi. Ukishajua ulale wapi, unajua kimebaki nini cha lenzi. Watu wengi wanakokotoa kwa kuanzia mwisho.

Turudi kwenye hiyo 70-200. Nilimuuliza kijana anataka kupiga nini. Akasema mandhari, watu mitaani na wanyama kidogo. Mandhari utaifunga lenzi kwenye f/8 au f/11, hiyo f/2.8 hutaigusa. Tofauti ya f/2.8 na f/4 ni stopu moja tu, mwanga mara mbili, yaani pale mwenzako anapopiga kwa ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga) wewe unapanda mpaka 3200, na kamera za miaka hii zinaibeba 3200 bila kulalamika. Mandharinyuma yatalainika zaidi kwenye f/2.8, sikatai, na anayepiga ndani ya kumbi zenye giza kila wiki ana sababu ya kuilipia. Lakini mzigo je? Canon EF 70-200 f/4 ya kwanza ina gramu 705, na ndugu yake wa f/2.8, yule asiye na kitulizaji cha mtikisiko wa mkono, ana gramu 1,310. Beba hiyo shingoni kutwa nzima juani halafu uniambie saa kumi ilikuwa shingoni au ilikuwa kwenye begi hotelini.

Kama huamini, kodi. Kodi lenzi unayoiota kwa siku mbili, zunguka nayo, kisha fungua picha zako za zamani uangalie ni ngapi ulizipiga kwa milimita ngapi. Programu nyingi za kuhariri picha zinakuonyesha hilo. Mimi niligundua kwamba karibu picha zangu zote ninazozipenda ziko kati ya 35 na 85. Ndoto yangu ya lenzi ndefu ilizimika palepale, na hela yake ikaenda kwenye tiketi. Tiketi kwanza!

Sasa, kununua mkononi. Bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, inashuka thamani kama simu: toleo jipya likitoka, la jana linaanza kudodea kwenye makabati ya wauzaji. Lenzi haiko hivyo. Canon walianza EF, mfumo wao wa kufungia lenzi kwenye kamera, mwaka 1987, na lenzi za mfumo huo zinafungika kwenye bodi zao za kisasa zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha, kwa kutumia adapta, fokasi inafanya kazi. Nikon walianza mfumo wao wa F mwaka 1959. Kwa hiyo kuna lenzi nzuri sana duniani zinauzwa na watu waliohamia mifumo mipya, nao wanataka tu ziondoke nyumbani. Hapo ndipo mtu mwenye subira anakula.

Lakini usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kumpata yule mzee nilikwenda kwa dalali mmoja, nikamwomba nifunge lenzi kwenye kamera yangu nipige picha mbili tatu. Akanitolea macho: "Kwani unaniona mwizi?" Nikamwambia sikuoni mwizi kaka, nataka kuona picha. Akaifungia lenzi kabatini. Nilitoka pale nimefedheheka mbele ya wateja wengine, na nawaambia leo: muuzaji anayekasirika ukiomba kujaribu ameshakujibu.

Mzee mstaafu alikuwa mtu wa aina nyingine. Alinitandikia kitambaa mezani, akaiweka lenzi, akasema, "Kijana, ikague utakavyo, mimi nanywa chai." Nikaigeuza nikaiangalia nyuma kwanza, zile skrubu za pale inapofungwa. Skrubu yenye kichwa kilichochubuka ina maana mtu ameifungua, na mafundi wazuri hawachubui skrubu. Kisha nikawasha tochi ya simu, nikaimulika lenzi upande mmoja huku nikichungulia upande wa pili, taa zikiwa zimezimwa. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni fangasi, vijinyuzi vyembamba vilivyotambaa kama mizizi, mara nyingi vikianzia pembeni mwa kioo. Ukiviona, rudisha. Pia kuna utando kama pumzi ya mtu kwenye kioo, usiofutika kwa kitambaa kwa sababu uko ndani. Huo unaiba makali yote ukipiga kuelekea jua. Halafu visu vya tundu la mwanga: viwe vikavu, vifunge na kufunguka mara moja. Vikiwa na mafuta huchelewa, na picha zako zitakuwa na mwanga wa kupitiliza bila wewe kujua kwa nini.

Nikafunga lenzi kwenye kamera, nikapiga ukuta wa matofali kwa f/8, nikakuza pembe zote nne kwenye skrini. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu kali, kuna kioo kimekaa upande, pengine ilianguka. Ile haikuwa hivyo. Tulipatana bei bila kelele, na mzee akanipa na kofia ya jua ya lenzi bure, akasema yeye macho yake yameshachoka.

Ukinunua bodi, uliza imepiga picha ngapi. Shata, lile pazia linalofunguka kila unapobonyeza, kwa kamera nyingi za daraja la kati hukadiriwa kufikia mibonyezo 100,000 hadi 200,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, ila ni hoja ya kushushia bei. Piga ukuta mweupe kwa f/16, ISO ya chini, uone madoa ya sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki. Memori kadi ndizo pekee ninazokukataza kununua mkononi au kwa bei ya kutupwa. Kuna kadi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa huku ndani hazina, na zinaendelea kupokea picha zako zikizifuta za mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi na kuisoma upya ikakuambia ukweli. Fanya hivyo nyumbani, si siku ya safari.

Na hili la "si siku ya safari" nalirudia kwa sababu watu hawasikii. Nunua mapema, uzoee. Vidole vijue vitufe gizani.

Kwenye safari yenyewe, punguzo kubwa linatoka kwenye kalenda. Likizo za shule na sikukuu kubwa ndizo zinazopandisha vyumba na nauli. Sogea wiki chache mbele au nyuma, ile mipaka ya misimu, utakuta chumba kilekile kwa bei nyingine na hali ya hewa karibu ileile. Mawingu yakibaki kidogo mpiga picha ashukuru, anga tupu la buluu halina maajabu. Ukitaka nyota, angalia mwezi kabla ya kukata tiketi. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, na siku za giza kabla na baada ya mwezi kuandama ndizo za kwako. Nimeona watu wakisafiri mbali kupiga anga la nyota wakakuta mwezi mpevu unawaka kama taa ya uwanja. Kuangalia mwezi ni bure. Bure kabisa, ndugu zangu!

Chumba, chukua chenye ruhusa ya kufuta bila gharama, halafu rudi kuangalia bei kila baada ya muda. Ikishuka, weka nafasi upya, futa ya zamani. Ukilipa kwa kadi ugenini na mashine ikakuuliza kama unataka kukatwa kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua fedha ya pale ulipo. Ule "msaada" una kiwango chake cha kubadilishia, na kwa kawaida si cha kukufaa wewe.

Betri za akiba za lithiamu zinapanda nawe kabini, haziruhusiwi kwenye begi la kukabidhi. Kikomo cha kupanda nacho bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100 kwa betri moja, na za kamera za kawaida ziko chini sana ya hapo. Lenzi nazo ziwe mkononi. Stendi ndiyo hukaa chini, na hapo nina kidonda changu: shirika moja la ndege lilinivunjia stendi mguu, na dada wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa kwamba vitu vya kuvunjika ni shauri ya abiria. Kwenye safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika linawajibika kwa begi ulilolikabidhi likiharibika mikononi mwake, mpaka kikomo ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni vizio 1,519 vya SDR, kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Sharti ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu upokee begi. Likichelewa, ni siku 21 tangu likufikie. Niliandika usiku uleule, nikaambatanisha picha za mguu uliovunjika na kibandiko cha begi. Walinizungusha sana, lakini walilipa. Bima ya safari nayo isome pale penye ukomo wa kifaa kimoja, maana wengi wana bima ya jumla kubwa ambayo haifiki hata nusu ya lenzi yao.

Ukirudi, na lenzi uliyonunua hukuigusa safari nzima, iuze mara moja kabla hujaanza kuitetea. Iliyonunuliwa mkononi kwa bei ya haki mara nyingi huuzika karibu na bei ileile, ndiyo raha yake. Boksi na risiti vinaongeza bei kuliko mnavyodhani. Mimi maboksi yangu yote yako juu ya kabati, na mke wangu ameshaacha kuuliza yanaondoka lini.