Mbona mtu wa kwenye picha hafanani na mtu?

SWALI: Habari za kazi. Juzi nilienda na wifi yangu kwenye maonyesho ya picha za sura za watu na mazingira hapa Nairobi. Mmoja ana shingo ndefu, mwingine uso wa kijani, kuna mama miguu yake inaishia kwenye majani. Wifi akaninong'oneza eti hata mwanawe wa chekechea angechora vizuri zaidi. Lakini kuna picha moja nilishindwa kabisa kuiacha, nikabaki nimesimama tu. Je, hawa watu wanajua kuchora kweli? – Msomaji, Kitengela

JIBU: Dada, wanajua. Mtu kurefusha shingo haina maana mkono umemshinda, amechagua. Kufanana tumeshamwachia mpiga picha wa studio, mchoraji anatafuta ule uchovu, woga au majivuno yanavyokaa mwilini. Kwa hiyo ukirudi usianze na uso, angalia mabega, angalia mikono imefanywa nini.

Mwaka 2020 jumba la Haus der Kunst kule Munich, Ujerumani, lilimpa maonyesho Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, na hapohapo zikawekwa picha za wachoraji wengine wa Afrika Mashariki wanaochora miili ya watu, sehemu hiyo ikaitwa Mwili, Akili na Roho. Armitage hachori kwenye turubai la kawaida, anatumia lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba wanayozikia watu Buganda. Gome linabanduliwa, mti unafungwa majani ya mgomba ili uote gome jingine, afu lile gome linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka kuwa nguo. Sasa nguo hiyo ina matundu, ina mahali imeshonwa, na yeye wala hayafichi, yani unakuta mshono unampita mtu mwilini kama kovu na rangi imezama humohumo. Ukisimama mbali unaona watu na miti, ukisogea unaona mti wenyewe ndio umebeba watu. Mimi hapo ndipo ninapoishiwa maneno kabisa.

Na kuhusu wifi, msimulie habari za Sane Wadu, mchoraji wa Kenya. Alikuwa mwalimu, akaacha kazi achore, watu wakasema huyu kachizika, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu, na jina hilo ndilo lililoingia kwenye maonyesho ya Munich. Wewe irudie ile picha iliyokushika, na safari hii nenda peke yako.

SWALI: Nachora twiga, ng'ombe na ndege. Jamaa mmoja mwenye galari kaniambia hizo ni za watalii, nichore watu ndiyo sanaa ya maana. Niache? – Mchoraji, Dar

JIBU: Usiache kaka, na hilo neno limenikera sana. Jak Katarikawe, Mganda aliyeishi Nairobi mpaka alipofariki 2018, alichora ng'ombe maisha yake yote, na ng'ombe wake wanapendana, wanabembelezana, mambo ya watu matupu. Theresa Musoke, mchoraji mwingine wa Uganda, naye wanyama wake wanachomoza kwenye rangi halafu wanapotea tena, huoni mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi, kama kundi linavyoonekana kwenye vumbi. Hata Tingatinga alipoanza hapo Dar 1968, na rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadibodi, alichora chui wake kwa macho yake mwenyewe, shida imekuja kwa wanaonakili yule chui bila kumtazama chui yeyote.

Hapo ndipo pa kujikagua, twiga wako umemtazama au umemnakili kwa jirani? Chukua penseli uende mnadani Pugu ukae na ng'ombe, mchore yule anayegoma kushuka kwenye lori, mchore na anayemvuta kamba. Hiyo ndiyo mpelekee yule jamaa.